Kelele Zilizowekwa kwa Makusudi: Kuisikiliza "Dummy" kwa Kuchelewa

Wengi mnanifahamu kuwa mimi ni mtu wa uhandisi, siyo wa muziki, kwa hiyo mhariri aliponiomba somo la muziki nilicheka. Lakini ipo albamu moja niliyokosana nayo karibu miaka kumi, na kupatana kwetu kunahusu hiki hiki ninachosomea.

Albamu yenyewe ni "Dummy" ya kundi la Portishead, iliyotoka Agosti 1994. Jina la kundi ni la mji mdogo wa pwani karibu na Bristol, hapa Uingereza, alikokulia Geoff Barrow. Huyu ndiye wa mapigo na mashine. Adrian Utley anapiga gita, Beth Gibbons anaimba. Mwaka 1995 ilipata tuzo ya Mercury. Muziki wa aina hii huitwa trip hop, nao ni tawi la dauntempo: mapigo ya hip hop yaliyopunguzwa mwendo, besi nzito, na nafasi kubwa kati ya sauti na sauti.

Niliisikia mara ya kwanza nikiwa mwaka wa kwanza chuoni Dar es Salaam. Jamaa niliyekaa naye chumba kimoja aliileta kwenye flashi. Mie nilikuwa mtu wa Bongo Fleva, bwana, nataka kitu cha kunyanyua watu vitini. Nikamwambia faili lako limeharibika: linakwaruza kama santuri ya mzee, na huyo dada anaimba kama amefungiwa kabatini. Akasema, "Hapana, ndivyo ilivyo." Nikamwomba azime.

Miaka ikapita, nikaja huku kusomea namna ya kusafisha sauti. Kwa ufupi kazi ni hivi: programu inachukua kipande ambacho hakuna anayesema, inajifunza umbo la kelele, kisha inalitoa kwenye rekodi nzima. Ukizidisha, sauti ya mtu inatoka kama iko ndani ya bomba la maji, na vilio vidogo vidogo vya ajabu vinazuka.

Mwaka juzi nilipoenda likizo Muheza, nilinakili kanda ya marehemu bibi akisimulia habari za ujana wake. Niliporudi nikaisafisha kwa fahari zote. Nikaondoa mvumo wa tepu, mvua juu ya bati, jogoo, na karabai iliyokuwa ikinguruma pembeni. Halafu, kwa uzembe ambao mwanafunzi wangu yeyote ningemkatia maksi, nikahifadhi juu ya faili la asili. Nilipoisikiliza, maneno yote yalisikika vizuri kabisa, ila bibi hakuwa mahali popote. Si Muheza, si nyumbani, hakuna.

Wiki ileile mwenzangu wa maabara aliiweka "Dummy" wakati tukisubiri kompyuta imalize hesabu. Safari hii nilinyamaza.

Baadaye nikasoma walivyoitengeneza. Barrow aliwahi kuwa kijana wa kuhudumia tepu katika studio ya Coach House, Bristol, wakati Massive Attack wakirekodi "Blue Lines" iliyotoka 1991. Kwenye "Dummy" vipo vipande vya watu wengine: "Sour Times" imejengwa juu ya muziki wa Lalo Schifrin, yule wa Mission: Impossible, na "Glory Box" juu ya Isaac Hayes wa 1971. Hayo ni ya kawaida katika hip hop. Lisilo la kawaida ni kwamba walipiga pia muziki wao wenyewe, wakauchapisha kwenye santuri, wakazitupa sakafuni na kuzikanyaga ili zikwaruzike, ndipo wakazirekodi tena. Sauti nyingine waliipitisha kwenye amplifaya mbovu. Yaani watu walitumia pesa na muda kutia kile ambacho mimi nalipwa posho kukitoa!

Ukitaka kujaribu, usianze na "Glory Box" hata kama ndiyo maarufu. Anza na "Roads", usiku, kwa hedifoni. Mwanzoni ni kinanda cha umeme kinachotetemeka peke yake. Subiri ngoma, halafu vinanda vya nyuzi. Sikiliza sauti ya Gibbons inavyokaa karibu na sikio wakati vingine vyote vina vumbi. Kwa maoni yangu vumbi hilo ndilo linalokupa chumba cha kukaa naye. Likiondolewa, unabaki na mtu anayelalamika tu. Nyimbo mbili tatu za katikati bado zinanichosha, sitawaficha.

Kanda ya bibi ingalipo kwa shangazi, ingawa aliniambia kwa simu kuwa utepe umeanza kushika ukungu. Nasafiri Desemba. Santuri yangu ya "Dummy" naiazima wiki moja moja, nione baada ya mkutano wa Ijumaa. Na mwenye tepu rekoda nzima ambayo haitafuni kanda, tafadhali naye anione.