Somo la Afya: Kwa Nini Minyoo ya Kichocho Hufugwa Ndani ya Panya



Aliyepata kufungulia maji mashamba ya ndizi kule Jamaame, au kulima miwa Mareerey, anajua habari ya kukojoa damu. Wengine hudhani ni jambo la kawaida la ujana. Si la kawaida. Ni kichocho, na asiyetibiwa huweza kuharibika kibofu na figo, hata kupata saratani ya kibofu.

Ndugu zetu wa Koyama, Chovai na Chula hawaambukizwi baharini, kwani konokono anayekuza mdudu huyu haishi katika maji ya chumvi. Lakini avukaye kuja Kismayuu, akaenda kutafuta kibarua kandokando ya Mto Juba, huingia katika maji yale yale ya mifereji. Vijidudu hutoka kwa konokono, hupenya ngozi kwa dakika chache, kisha hukua wakawa minyoo wakaao miaka kadhaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu.

Sasa tujiulize. Damu ina askari wake wa kuulinda mwili. Mbona mnyoo huyu hauawi?

Jawabu limo katika protini. Protini ndizo zinazojenga mwili wa kila kiumbe na kuufanyia kazi zake. Mnyoo wa kichocho hujifunika kwa vitu avichukuavyo katika damu ya mtu mwenyewe, mithili ya mwizi aliyevaa sare ya askari wa zamu.

Mtu hawezi kupasuliwa ili minyoo wake wachunguzwe, ndiyo maana maabara hutumia wanyama. Kichocho cha matumbo hukua vizuri ndani ya panya weupe. Hiki chetu cha mkojo hakistawi humo, kwa hiyo hutumiwa hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Minyoo hutolewa, husagwa, na protini zao hutenganishwa kwa umeme: ndogo hutangulia, kubwa hubaki nyuma. Kisha hujaribiwa kwa maji ya damu ya wagonjwa, ionekane ni zipi ambazo mwili umezitambua kuwa adui.

Protini moja, iitwayo GST, humsaidia mnyoo kuondoa sumu. Wataalamu wa Lille, Ufaransa, waliitengenezea chanjo. Wanyama wa maabara walipata kinga kiasi. Ikajaribiwa kwa watoto nchini Senegali, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yakaonyesha kuwa haikutosha kuwakinga. Panya si mtu, na hilo lilijulikana baada ya kazi ya miaka mingi.

Iliyopo, basi, ni dawa ya prazikwanteli, iliyovumbuliwa miaka ya 1970. Ajabu ni kwamba protini ya mnyoo inayoguswa na dawa hii ilitambuliwa mwaka 2019 tu. Ni kama mlango: dawa huufungua, kalsiamu huingia kwa wingi, mnyoo akakakamaa. Minyoo wachanga hawauawi vyema, wala dawa haizuii maambukizo mapya. Anayekunywa leo na kesho akashinda mferejini bila buti, aweza kuugua tena.

Anayepeleka mkojo kupimwa aukusanye kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ndiyo saa ambazo mayai hutoka kwa wingi.