Amani Hufundishwa: Vidokezo 10 kwa Walimu na Wazazi wa Msamala

Songea inajua gharama ya ugomvi uliokosa msikilizaji. Tarehe 27 Februari 1906, hapahapa mjini, Wajerumani waliwanyonga zaidi ya watu 60 miongoni mwa viongozi na wapiganaji wa Vita vya Majimaji, akiwemo mtawala wa Wangoni, Nkosi Mputa Gama, na wengi wao wakazikwa katika kaburi moja. Kila mwaka siku hiyo hukumbukwa, na watoto wa shule huwa miongoni mwa wanaohudhuria.

Watoto haohao wanakua wakiambiwa kwamba Tanzania ni kisiwa cha amani. Ni neno jema, lakini halimwelezi mtoto wa Msamala, hapa Songea, afanye nini akisukumwa kwenye foleni ya maji, akiitwa jina baya darasani, au akisikia baba na jirani wakitishiana kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Amani ina ufundi wake: kusema kinachokuuma bila kutukana, kumsikiliza unayemkasirikia, kutafuta njia mnayoweza kuiishi wote wawili. Mtoto aliyenyamazishwa hajaupata ufundi huo. Amejifunza kuficha tu, na kilichofichwa siku moja hutoka kwa nguvu.

Hivi hapa vidokezo kumi vya kuanzia, shuleni na nyumbani.

1. Anza na ugomvi wa ndoo

Watoto hugombania vitu vidogo: kalamu, dawati, zamu ya kucheza, nafasi bombani. Mtu mzima anaona ni upuuzi, lakini kwa mtoto hiyo ndiyo haki yake yote ya siku hiyo. Usiupuuze ugomvi wa namna hii na usiufokee. Hapo ndipo mahali pazuri pa kufundishia, kwa kuwa hasira bado ni ndogo na hakuna aliyepoteza mali wala kiungo. Miaka ishirini baadaye watoto haohao watakuwa wanagawana mashamba ya mahindi aliyoacha marehemu baba yao. Samaki mkunje angali mbichi.

2. Kila mmoja aseme, kila mmoja asikilize

Chukua mfano huu. Wanafunzi wawili wa darasa la nne wameshikana mashati bombani. Mwalimu wa zamu anawatenganisha, anawakalisha kivulini, na anatoa sharti moja: mmoja akiongea, mwenzake ananyamaza mpaka amalize.

"Mwalimu, huyu kanisukuma, maji yangu yote yamemwagika."

"Haya, nimekusikia. Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyetangulia, Mwalimu. Niliacha ndoo yangu kwenye foleni nikaenda chooni. Narudi namkuta yeye anakinga."

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Mwalimu anamgeukia wa kwanza: "Mwenzako amesemaje?" Mtoto anasitasita, anatazama chini. "Anasema alitangulia, alienda chooni." Kisha wa pili naye anarudia ya mwenzake: "Anasema maji yake yamemwagika." Kurudia maneno ya mtu uliyemkasirikia ni kazi ngumu hata kwa wazee, lakini ukishayatamka kwa kinywa chako ni vigumu kuendelea kumwona kama mwizi.

Linabaki swali la mwisho: "Tufanyeje ili kesho isitokee tena?" Wanatafakari. "Ukitoka kwenye foleni, mwachie mtu ndoo yako, umwambie." Sharti hilo wamelitunga wenyewe, na kesho watalisimamia wenyewe. Dakika tano zimetosha.

Zingatia pia swali ambalo mwalimu hakuuliza. Hakusema, "Nani kaanza?" Swali hilo hutafuta mkosaji, na watoto hulijibu kwa uongo ili wajiokoe. "Ilikuwaje?" huleta habari nzima.

3. Fimbo isiwe jibu la ugomvi

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zimeweka mipaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Viboko vya papo kwa papo, vya kila mwalimu na kila kosa, viko nje ya kanuni hizo.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kuiweka fimbo kando pale watoto wanapogombana. Ukiwachapa wote wawili, umewafundisha kwamba mwenye nguvu zaidi ndiye anayemaliza kesi. Ya bombani hayajasuluhishwa. Yamehamia njia ya kurudi nyumbani, ambako mwalimu hayupo. Aliyemwaga maji ya mwenzake aende akachote mengine. Aliyechana daftari aliandike upya. Adhabu inayorekebisha kilichoharibika inafundisha zaidi ya maumivu.

4. Wape wanafunzi kazi ya usuluhishi

Chagueni wanafunzi wachache kila darasa, wasichana na wavulana, wapole na hata mmoja au wawili kati ya wale wagomvi. Mgomvi akipewa dhamana mara nyingi ndiye huwa msuluhishi hodari, kwa sababu anazijua njia zote za ugomvi. Wafundisheni hatua zilezile za kidokezo cha pili, wafanyisheni mazoezi kwa maigizo, kisha waacheni wafanye kazi.

Wekeni mipaka iwe wazi. Wasuluhishi wadogo hushughulikia matusi, kusukumana, vitu kuchukuliwa bila ruhusa. Mtoto akipigwa na kuumizwa, akiguswa vibaya na mtu yeyote, akitishwa au akinyimwa chakula nyumbani, hilo ni la mtu mzima, na ni la siku hiyohiyo. Hakuna usuluhishi kati ya mtoto na anayemdhulumu. Huko kuna ulinzi na sheria.

5. Fundisha Majimaji pamoja na sababu zake

Tuna bahati ambayo shule nyingi za nchi hii hazina: Makumbusho ya Taifa ya Majimaji yako ndani ya mji wetu. Wapelekeni watoto. Wasimame mbele ya kaburi, waone sanamu za mashujaa, wasikie majina. Lakini msiishie kwenye ushujaa na maombolezo.

Waulizeni: watu walilalamikia nini kabla ya vita? Watoto wataje kodi, kazi za shuruti, mashamba ya pamba, na watawala wa Kingoni waliopokonywa mamlaka yao. Malalamiko hayo yangeweza kupelekwa wapi? Palikuwa na baraza gani la kuyasikiliza? Vita vilianza Umatumbi Julai 1905 na kufika Ungoni, huku kwetu, mwezi Septemba mwaka huo. Vilipokwisha mwaka 1907, vilikuwa vimeua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa kuwa jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na kuharibu mazao makusudi.

Mtoto anayejifunza hivyo anaondoka na maswali mawili ya kumfaa maisha yote: nani hapa hajasikilizwa, na atasikilizwa wapi? Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia kwa mtaala mpya wa 2023, linatupa nafasi ya kuuliza maswali hayo darasani.

6. Tumia utani tuliorithi

Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali. Leo ni watani. Mhehe anaweza kuja kwenye msiba wa Mngoni, akazuia jeneza njiani na kudai "ushuru" wake kwanza, na wafiwa wenyewe wakacheka huku machozi yapo mashavuni. Waliouana wamewaachia wajukuu ruhusa ya kutaniana. Huo ni urithi mkubwa kuliko tunavyoupa heshima.

Uleteni darasani. Mwite babu au bibi mmoja wa mtaani aeleze watani wa ukoo wake ni nani na utani huo ulianzaje. Kisha wafundisheni watoto miiko yake: utani huenda pande zote mbili, hauvuki kwenda kwenye ulemavu wa mtu wala umaskini wake, na anayetaniwa naye ana haki ya kujibu. Mmoja akicheka peke yake na mwenzake analia, huo ni uonevu.

7. Wapeni jukwaa

Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitafuta wenyewe kinachowakwamisha shuleni, wakakitungia mchezo, wakauonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha wote wakajadili la kufanya. Baadaye FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana Afrika, liliueneza katika nchi nyingine za Afrika.

Mbinu hiyo haihitaji fedha nyingi. Ijumaa moja kwa mwezi, kundi la wanafunzi liigize tatizo la kweli la shule yao na kulisimamisha palepale linapofikia kilele, kabla ya mwisho. Watazamaji ndio waseme mwisho uweje. Mtoto asiyethubutu kumwambia mwalimu "unanionea" anaweza kuliigiza jambo hilo, na mwalimu mwenye hekima ataelewa. Anzeni na ngoma ya lizombe, ukumbi utajaa wenyewe.

8. Fundisha kuupima uvumi

Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe wa simu ulisambaza chuki na vitisho kati ya makabila, na ghasia zile ziliua zaidi ya watu 1,100. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa elimu ya amani shuleni. Sisi hatuna haja ya kungoja msiba ndipo tuanze.

Mpe mtoto maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kupeleka neno mbele: nani ameliona kwa macho yake? Nikilisambaza, nani ataumia? Je, naweza kumuuliza mhusika mwenyewe? Habari za uchawi, wizi wa watoto na "wageni wabaya" ndizo za kuangaliwa zaidi, maana ndizo hukusanya kundi lenye mawe kwa dakika chache.

9. Fundisha kuomba radhi kwa ukamilifu

"Haya, sameheaneni, shikaneni mikono." Watoto wanashikana, wanakwepana macho, na kinyongo kiko palepale. Radhi ya kweli ina sehemu tatu: nataja nilichofanya, nakubali kwamba kilikuumiza, naeleza nitakavyokirekebisha. Aliyeombwa naye asilazimishwe kusamehe papo hapo. Anaruhusiwa kusema, "Nimekusikia, lakini bado inaniuma."

Mfano tunao karibu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani, na kuomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya hapa. Alisema pia kwamba nchi yake itajitahidi kulitafuta fuvu la Nduna Songea, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Ilikuwa imepita miaka 117 tangu watu wale wanyongwe. Jadilianeni na watoto: ametaja kosa? Amekubali maumivu? Urekebishaji umefikia wapi? Watoto wataona kwamba kuomba radhi hakumshushi mtu cheo, na kwamba maneno bila vitendo hayajakamilika.

10. Watu wazima tutangulie

Mtoto hujifunza usuluhishi kwa kutazama. Akiona baba na mama wanakosana mchana na kuzungumza jioni kwa sauti ya kawaida, amepata somo ambalo shule haiwezi kumpa. Mzazi aliyekosea amwambie mwanawe, "Nilikufokea bure, nisamehe mwanangu." Heshima yako haitapungua, na shikamoo yake kesho itatoka moyoni.

Kwa migogoro ya nyumba na nyumba, tuzitumie njia zilizopo: wazee wa ukoo, balozi, mwenyekiti wa mtaa, baraza la kata. Kwenye migogoro ya ardhi, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata husuluhisha tu na haliamui, na shauri haliendi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka usuluhishi ujaribiwe kwanza. Sheria yenyewe inatutaka tukae chini tuzungumze. Inapowezekana, na pasipo na mambo ya aibu, mwacheni kijana wa kidato cha tatu au cha nne akae pembeni asikilize wazee wanavyoamua jambo.

Usijaribu vyote kumi kwa pamoja. Mwalimu, chagua kimoja cha muhula huu, uwaombe wenzako ofisini wakifuate nawe, maana mtoto anayesikilizwa na mwalimu mmoja na kufokewa na wengine sita atawaamini wale sita. Mzazi, chagua kimoja cha nyumbani, na uende kwenye mkutano ujao wa wazazi uulize shule ya mwanao inasuluhishaje ugomvi wa wanafunzi. Swali hilo likiulizwa na wazazi kumi tu wa Msamala, litaingia kwenye kumbukumbu za kikao, na shule italazimika kulitafutia jibu.