Tezi, Mtoki na Hesabu Yake: Kiswahili katika Majibu ya Upasuaji wa Saratani ya Puru

Makala haya yanachunguza namna majibu ya maabara baada ya upasuaji wa saratani ya puru yanavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupoteza maana yake ya kitabibu. Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Neno lenyewe limo kamusini, ingawa wazungumzaji wengi hulikwepa na kusema "njia ya haja kubwa". Istilahi za tiba hujadiliwa mno kama zoezi la kuunda maneno. Ni nadra kupimwa mbele ya mtu anayepaswa kuamua jambo kwa kuzitegemea.

Chukua mfano wa mzee wa Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau, Kaunti ya Taita Taveta. Lugha yake ya kwanza ni Kikasigau. Kiswahili amekipata shuleni na katika masoko ya Maungu na Voi. Amepasuliwa Mombasa, na baada ya wiki kadhaa anarudi kupokea majibu. Anaambiwa: "Mzee, tezi zako hazina saratani." Anashukuru. Lililobaki kwake ni kujua kama kuna haja ya kurudi kwa tibakemikali, maana kila safari ni gari hadi barabara kuu pale Maungu, kisha basi, nauli ya watu wawili na mahali pa kulala. Je, sentensi ile imemwambia nini?

Kwanza neno tezi. Kwa mwanamaji tezi ni nyuma ya chombo, mkabala na omo. Kwa wengi ni uvimbe wa shingoni. Kwa mwanamume mtu mzima ni tezi dume, na mzee wetu huenda akaondoka akidhani amepimwa kiungo ambacho hakikuguswa kabisa. Tezi zinazokusudiwa ni zile za limfu, vijungu vidogo vilivyofichwa ndani ya mafuta yanayoizunguka puru. Nyingi hazizidi punje ya ndengu. Majimaji yatokayo kwenye uvimbe hupitia humo, na chembe za saratani zikisafiri kwa njia hiyo hunaswa humo.

Umuhimu wake umejulikana kitambo. Mwaka 1932, Cuthbert Dukes wa Hospitali ya St Mark's, London, aliigawa saratani ya puru katika madaraja matatu, na daraja la mwisho likawa la wagonjwa ambao tezi zao zimeingiliwa. Mfumo wa leo wa TNM huhesabu: pasipo na tezi yenye saratani ni N0; zikiwa 1 hadi 3 ni N1; zikiwa 4 au zaidi ni N2. Kadiri hesabu inavyopanda ndivyo hatari ya ugonjwa kurudi inavyozidi, na ndivyo daktari anavyoelekea zaidi kupendekeza tibakemikali.

Lakini kuna hesabu ya pili, nayo ndiyo iliyoachwa nje ya sentensi ile: tezi ngapi zilitafutwa na kuonekana? Mwongozo unaofuatwa kimataifa hutaka zichunguzwe zisizopungua 12. Anayechota konzi moja ya ndengu guniani asione iliyotobolewa na fukusi hawezi kuapa kwamba gunia zima ni safi. Akichota debe, neno lake lina uzito. Uchache wa tezi una sababu nyingi: upana wa mafuta yaliyokatwa, subira ya mwanapatholojia anayeyapapasa kwa vidole, umri wa mgonjwa. Aidha, mgonjwa aliyetangulia kupigwa mionzi huwa na tezi zilizosinyaa, hivyo kwake idadi ndogo si lazima iwe dalili ya kazi mbovu. "Hakuna" ya tezi 5 na "hakuna" ya tezi 15 ni maneno yale yale yenye dhamana tofauti.

Neno ubashiri nalo lina mzigo wake. Limezoeleka kwa makadirio ya mwendo wa ugonjwa, ila asili yake ya Kiarabu inahusiana na habari njema, na masikioni mwa wengi linanukia ramli. Mzee aliyeambiwa "ubashiri wako ni mzuri" amepewa ahadi ambayo tabibu hakuikusudia. "Matarajio" ni afadhali, kwa kuwa hubeba shaka ndani yake.

Wapo wanaopendelea mtoki badala ya tezi ya limfu. Hoja yao ina nguvu: aliyewahi kuchomwa mwiba unyayoni, kinena kikamvimba, anaujua mtoki na kazi yake bila kufundishwa. Kwa kigezo cha uwazi, miongoni mwa vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi, mtoki unashinda. Kwa usahihi unashindwa. Mtoki ni uvimbe, si kiungo, ilhali tezi ndogo isiyovimba yaweza kuwa na saratani, na iliyovimba ikawa salama. Istilahi na ibaki tezi ya limfu. Mtoki utumike kufafanua, tena kwa tahadhari hiyo.

Majibu yale yangeweza basi kusemwa hivi: "Mzee, unaujua mtoki wa kinenani. Vitezi vya namna hiyo vimo pia katika mafuta tuliyoyatoa pamoja na puru, hata kama havijavimba. Tumeona 7, na vyote havina saratani. Tulitaraji kuona 12 au zaidi, kwa hiyo hatuna hakika kamili." Sentensi zimeongezeka, ila sasa mzee ana la kuuliza: "Na hivyo ambavyo hamkuviona, daktari?"

Swali hilo lina jibu la kimaabara. Kipande kilichokatwa kikiwa bado kimehifadhiwa katika formalini, mwanapatholojia anaweza kuombwa ayapekue upya mafuta yaliyobaki na kuongeza hesabu, kabla mzee hajaamua kuhusu tibakemikali.