Kujifunza Piano Ukubwani: Funzo kwa Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Mwanachuo atakayepangiwa shule katika kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, hatarajii kuikuta piano ikimngoja miongoni mwa mitumbwi na dagaa walioanikwa. Hata hivyo anaweza kuanza kujifunza kuipiga, na juhudi hiyo itamfaa darasani kuliko anavyodhani.

Kwanza, kifaa. Katika karatasi ya manila achore vibao vyeupe 15, kila kimoja upana wa sentimeta 2.35 hivi. Katikati yake achore vyeusi kwa makundi ya viwili na vitatu. Kibao cheupe kilicho kushoto kabisa mwa kundi la viwili ndicho do. Piano kamili ina vibao 88, lakini mpangilio hujirudia kila baada ya 12. Aliyevizoea hivyo hapotei.

Pili, mazoezi. Vidole huhesabiwa 1 hadi 5 kuanzia gumba. Mkono wa kulia upige do, re, mi kwa 1, 2, 3. Kisha gumba lipite chini ya kidole cha kati, lishike fa, na vingine vifuate hadi do ya juu. Kwa kuwa karatasi haina sauti, aimbe mwenyewe. Mikono ifunzwe mmoja mmoja, polepole. Robo saa kila siku yafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Uzito wa kidole ataujifunza afikapo penye kinanda halisi.

Mtu mzima hakosi sikio. Wengi wetu tumeimba kwaya kwa solfa, mwandiko alioutumia Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, alipotunga mwaka 1897 wimbo uliozaa Wimbo wetu wa Taifa. Kinachotuchelewesha ni vidole, pamoja na haya: akili imekwisha kujua, mkono unakataa.

Hiyo ndiyo hali ya mtoto wa darasa la kwanza aitambuaye herufi asiweze kuiandika. Mwalimu ambaye kidole chake cha nne kimekataa kumtii hatakuwa mwepesi wa kumwita mtoto huyo mvivu.

Zoezi: Fanya mazoezi hayo kwa wiki mbili. Kila siku andika ni wapi mkono ulikwama na ni nini kilichousaidia. Kisha tumia maelezo hayo kuandaa somo la mwandiko.