Popo Anayelala Kichwa Juu

Popo tunaowajua huning'inia kichwa chini. Huyu wa Madagaska analalaje?

Analala kichwa juu, amejibandika ndani ya jani changa la ravenala, mti wenye majani kama ya mgomba yaliyopangika mfano wa pepeo. Hupandwa pia kwenye bustani za hoteli zetu za pwani. Jani lake likiwa bado limejikunja ni bomba refu linaloteleza, kucha hazina pa kushika.

Sasa anashikwa na nini?

Kwenye kila kifundo, cha mkono na cha mguu, ana kibamba kidogo cha nyama. Kwa umbo lake, watu walidhani kinafyonza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha sivyo: popo akivutwa mbali na ukuta aliojibandika anabanduka kirahisi, lakini akivutwa sambamba na ukuta anang'ang'ania kweli. Kinachomshika ni majimaji kama jasho. Bandika kipande cha karatasi kilicholowa kwenye kioo. Ukikivuta kwenda chini kinagoma; ukiinua pembe yake, kinaachia. Popo huyu hutembea kwa njia hiyo hiyo: akisukuma kifundo mbele, kibamba kinajibandua. Angelala kichwa chini, uzito wake mwenyewe ungembandua. Kila nikilifikiria hili nazidi kumpenda.

Umbo lake na chakula?

Ana gramu 9 hivi na masikio marefu kupita kichwa. Hula nondo na mbawakawa.

Misitu ikikatwa, naye atakwisha?

Misitu ya mvua ya mashariki mwa Madagaska imefyekwa vibaya, na inauma. Ila ravenala huota kwa wingi palipofyekwa, hivyo malazi hayajamwishia. Jani likikunjuka baada ya siku chache, anahamia jingine.

Ana ndugu huku kwetu?

Aliwahi kuwa nao. Kisukuku cha popo wa jenasi yake, Myzopoda, kimepatikana Olduvai, Tanzania. Leo wamebaki Madagaska tu, spishi mbili: huyu wetu, Myzopoda aurita, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1878, na Myzopoda schliemanni wa upande wa magharibi, aliyepewa jina mwaka 2007. Lakini tunaye popo mdogo wa migombani, wa ukoo mwingine, ambaye naye hulala ndani ya jani changa lililojikunja. Ukienda shambani, chungulia kabla hujalikata.