Panya na Visima: Yaliyowafika Watu wa Kosovo

Yapo maradhi yaitwayo tularemia. Jina hili latokana na Tulare, wilaya ya California huko Marekani, ambako yaligunduliwa mwaka 1911 kwa kindi wa ardhini. Vijidudu vyake hukaa ndani ya panya, sungura na mfano wao, na kupe pia huvichukua. Aghlabu huonekana nchi za kaskazini ya dunia. Lakini sisi wa pwani, tulio na visima majumbani na misikitini, twaweza kuufahamu vyema msiba wa Kosovo, ambako wengi wa wenyeji ni Waislamu.

Mwaka 1999 watu hao walifukuzwa makwao kwa vita. Mashamba yakabaki bila ya kuvunwa, maghala wazi, visima bila ya mwangalizi. Panya wakashiba na kuzaana. Wenyewe waliporejea waliteka maji yale yale na kula nafaka ile ile. Kuanzia Oktoba 1999 wakashikwa na homa, koo kuuma, na mitoki ya shingo kuvimba. Kufikia Juni 2000 walioshukiwa kuugua walipita 900, na 327 walithibitishwa kwa kupimwa damu.

Ilikuwako dhana kwamba maradhi yametiwa makusudi na adui, wala si ajabu kwa watu waliotoka vitani. Lakini wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizougua na zisizougua, waliona kuwa zile zilizougua chakula chao kilifikiwa na panya, na maji yao hayakuhifadhiwa vyema. Lau dhana ile ingeachwa itawale, visima vingebaki wazi.

Basi kisima na kijengewe ukingo na kifunikwe. Kikiingia mzoga kisitumiwe mpaka kisafishwe na kutiwa klorini. Maji ya kunywa yachemshwe, wala mtu asidanganyike na weupe wake au ubaridi wake, kwani vijidudu hivi huishi majuma kadha katika maji baridi. Nafaka iwekwe katika madebe yenye vifuniko. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Kadhalika mchunaji wa sungura avae mipira ya mikononi, na nyama iive sawasawa.

Ama mgonjwa, hapana haja ya kumtenga, kwani maradhi haya hayajulikani kuambukizwa na mtu kwa mtu. Apelekwe kwa tabibu upesi. Penisilini haiyafai, hutumiwa dawa kama jentamaisini au doksisaiklini, na tabibu ndiye achaguaye.