Saa za Zhanxi: zilaze kwanza, lipa kesho

Ukitoka stesheni ya treni ya Guangzhou ukashika upande wa magharibi, umeingia Zhanxi. Jina lenyewe lina maana hiyo, magharibi ya stesheni. Humo saa za jumla zimejaa maduka kwa maduka, na zote zinang'aa. Usinunue mng'ao. Chukua sampuli tano za kila aina unayoitaka, nenda nazo hotelini, na mzigo ulipie kesho yake.

Neno QUARTZ usoni mwa saa linakuambia kwamba ndani mna fuwele ya kwatsi, imechongwa kama uma wenye meno mawili na kufungiwa ndani ya kikopo kidogo kama punje ya mchele. Betri huifanya itetemeke mara 32,768 kwa sekunde. Ni kama bembea: ukiisukuma kwa wakati wake, nguvu kidogo inatosha. Sakiti huigawa idadi hiyo kwa mbili, mara kumi na tano, hadi ibaki moja, na hapo mshale unaruka. Kikopo huondolewa hewa kwa kuwa hewa hukaba mtetemo.

Ukifika hotelini, weka kiyoyozi nyuzi 25. Fuwele hizi zimekusudiwa joto hilo. Panga zile tano kando ya simu inayoonyesha sekunde, iliyounganishwa na mtandao, kisha zirekodi video kwa simu nyingine. Kesho, wakati uleule, rudia. Zitazame video hizo mbili picha moja baada ya nyingine, uone mshale unaruka simu ikiwa sekunde ya ngapi. Saa nzuri ya kawaida hukosea sekunde 15 hadi 20 kwa mwezi, yaani kama nusu sekunde kwa siku. Ikikosea mbili kwa siku, irudishe. Usiilaze juu ya spika: sumaku haigusi fuwele, ila husimamisha kimota cha mishale.

Mwambie muuzaji afungue kifuniko cha nyuma cha moja. Betri iliyoandikwa SR ni ya oksidi ya fedha, volti zake hutulia karibu hadi mwisho. LR ni ya alkali, zake hushuka polepole. Saa zenye majina ya kuiga ziache palepale. Forodhani zinaweza kukamatwa zote.

Halafu kuna joto la njiani, ambalo wengi hawalihesabu. Fuwele ikitoka kwenye nyuzi 25, juu au chini, inachelewa. Kwenye 35 ni theluthi ya sekunde kwa siku. Kwenye 55, ndani ya kontena lililopigwa na jua, ni sekunde mbili na nusu. Mwezi mzima wa joto hilo ni zaidi ya dakika. Kwa hiyo saa iliyosafiri ikitembea, ikafika Kariakoo imechelewa, usiiite mbovu. Itie majira upya, ipime siku moja kivulini. Na kabla mzigo haujafungwa Zhanxi, hakikisha kila saa ina kile kiplastiki chini ya kitufe cha kutilia majira, mishale isafiri imesimama na betri isiliwe bure baharini.